Bunduki za mchezo na sheria ya rashasha Marekani: Wazazi tufahamu nini?



Miongoni mwa maswali yanayotufikia kutoka kwa wazazi wenye vijana walioko Marekani, kwa masomo au kwa kazi, lipo hili la bunduki za mchezo. Kijana hualikwa na wenzake siku ya mapumziko kwenda kwenye uwanja wa shabaha. Huko hukuta bunduki iliyotiwa kifaa kinachoifanya imimine risasi mfululizo, na huambiwa kwamba kifaa hicho ni halali kwa kuwa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo imekwisha kukiruhusu. Hupiga picha, huzituma nyumbani, na mzazi hubaki akijiuliza: Je, ni kweli? Na kama ni kweli, ni halali kwa nani, wapi, na kwa kiasi gani?

Tumeona tulifafanue suala hili kwa urefu, kwa sababu jibu la neno moja, ndiyo au hapana, litamponza muulizaji.

Chimbuko la sheria

Tarehe 14 Februari 1929, watu saba waliuawa ndani ya gereji moja mjini Chicago katika ugomvi wa magenge yaliyokuwa yakifanya biashara haramu ya pombe. Miongoni mwa silaha zilizotumika zilikuwamo rashasha mbili aina ya Thompson. Mauaji hayo, pamoja na mengine ya zama zile, yaliwashtua wananchi, na mwaka 1934 Bunge la Marekani likapitisha Sheria ya Taifa ya Silaha.

Sheria ile haikupiga marufuku rashasha. Ilichofanya ni kumtaka mwenye kuimiliki aisajili, na kutoza kodi ya dola 200 kila inapotengenezwa au kubadilisha mikono. Kwa wakati ule fedha hizo zilikuwa nyingi mno. Lakini lililo muhimu zaidi kwa mada yetu ni namna sheria ilivyoitafsiri rashasha. Ilisema, kwa maana yake, kwamba rashasha ni silaha inayopiga yenyewe risasi zaidi ya moja, bila kujazwa tena kwa mkono, kwa tendo moja la kifyatulio. Tunamwomba msomaji ayashike maneno mawili hapo: "yenyewe", na "tendo moja la kifyatulio". Mzozo wote tutakaousimulia umezunguka juu ya maneno hayo.

Mwaka 1968 tafsiri hiyo ilipanuliwa, ikawa hata vipande vilivyoundwa kwa ajili ya kuigeuza bunduki ya kawaida iwe rashasha, navyo vinahesabiwa kuwa ni rashasha. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1986, ambayo ilimzuia raia wa kawaida kumiliki rashasha yoyote isipokuwa ile iliyokuwa ikimilikiwa kihalali kabla ya tarehe 19 Mei mwaka huo. Kwa kuwa silaha hizo za zamani haziongezeki, na wanaozitaka ni wengi, bei ya moja imefika makumi ya maelfu ya dola.

Hapa ndipo tunapofahamu kwa nini wapenzi wa shabaha walianza kutafuta njia nyingine. Mlango wa rashasha ulikuwa umefungwa kwa sheria na kwa bei. Mafundi wakajiuliza: Je, yawezekana kuipata kasi ile ile bila ya kuingia katika tafsiri ya mwaka 1934?

Kifaa chenyewe

Bunduki nyingi za mchezo nchini Marekani ni zile zinazojijaza zenyewe. Mpigaji akivuta kifyatulio, risasi moja hutoka, ganda hutupwa nje, na risasi nyingine huingia mahali pake. Lakini haitatoka mpaka kifyatulio kiachiwe na kuvutwa tena. Kila mvuto, risasi moja.

Kifaa mashuhuri kilichobuniwa huitwa bampu-stoki. Ni kitako cha bunduki kilichoundwa ili kiteleze. Bunduki inapopiga, hurudi nyuma kwa kishindo chake, na kifyatulio huachana na kidole. Mkono wa pili wa mpigaji huwa unaisukuma bunduki mbele bila kukoma, basi kifyatulio hurudi kukigonga kidole ambacho kimetulia mahali pamoja, na risasi nyingine hutoka. Hali huendelea hivyo mpaka mpigaji alegeze mkono au risasi ziishe.

Ama kuhusu kasi, takwimu zilizotajwa mbele ya Mahakama ya Juu ni hizi: mpigaji wa kawaida mwenye bunduki inayojijaza anaweza kupiga risasi 60 kwa dakika, na bingwa wa mashindano 180. Bunduki hiyo hiyo ikitiwa bampu-stoki hupiga kati ya 400 na 800. Bunduki ya kijeshi aina ya M16 hupiga kati ya 700 na 950. Msomaji atajionea mwenyewe kifaa hiki kinasimama karibu na upande upi.

Idara yabadili kauli

Msimamizi wa mambo haya ni idara ya serikali ya shirikisho inayoshughulikia pombe, tumbaku, silaha na baruti, ijulikanayo kwa herufi ATF. Mwaka 2006 idara hii iliamua kwamba kifaa cha awali kilichoitwa Akins Accelerator, ambacho kilitumia springi ya ndani kuirudisha bunduki mbele, ni rashasha. Lakini mwaka 2010 ilipoletewa kitako kisicho na springi, ikaandika barua kwamba hicho ni kipande tu cha bunduki na hakihitaji kusajiliwa. Katika maelezo ya kifaa hicho ilielezwa kuwa kimekusudiwa kuwasaidia watu wenye udhaifu wa mikono. Kuanzia hapo vikauzwa madukani kwa wingi, na waliovinunua walivinunua wakiwa na barua ya serikali inayosema ni halali.

Usiku wa tarehe 1 Oktoba 2017, mtu mmoja alijifungia katika ghorofa ya 32 ya hoteli mjini Las Vegas, akaumiminia risasi umati uliokuwa katika tamasha la muziki chini yake. Kwa muda wa takriban dakika 10 alipiga risasi zaidi ya 1,000. Watu 58 waliuawa siku zile, na wengine wawili walifariki baadaye kwa majeraha yao, wakatimia 60. Mamia walijeruhiwa. Bunduki zake kadhaa zilikuwa zimetiwa bampu-stoki.

Baada ya msiba huo, Bunge lilijadili miswada lakini halikupitisha sheria. Serikali ya Rais Donald Trump ikachukua njia ya mkato: Desemba 2018 ilitoa kanuni mpya ikisema bampu-stoki ni rashasha, na kwamba barua za nyuma zilikosea. Wenye vifaa walipewa hadi tarehe 26 Machi 2019 wavivunje au wavisalimishe. Kwa makadirio ya serikali yenyewe, huenda vilikuwapo mikononi mwa watu hadi 520,000. Hapakuwa na fidia, na ambaye angebaki nacho baada ya siku hiyo angekabiliwa na kifungo cha hadi miaka 10.

Shauri la Cargill

Michael Cargill, mwenye duka la silaha mjini Austin, Texas, alisalimisha vifaa vyake viwili huku akiandika pingamizi, kisha akaishitaki serikali. Ni vyema kufahamu kwamba hakudai haki ya kikatiba ya kubeba silaha. Dai lake lilikuwa jembamba zaidi: kwamba idara ya serikali haina mamlaka ya kuipanua sheria ambayo Bunge ndilo lililoitunga.

Shauri lilipanda hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 14 Juni 2024 majaji sita dhidi ya watatu walimpa ushindi. Jaji Clarence Thomas, aliyeandika hukumu, alikiangalia kifyatulio chenyewe, hata akaweka michoro ya vipande vya ndani. Alisema kwamba hata bampu-stoki ikiwapo, kifyatulio hurudi na kutenda upya kwa kila risasi; basi kila tendo ni risasi moja tu. Aliongeza kwamba bunduki haipigi "yenyewe", kwa kuwa mpigaji hana budi aendelee kuisukuma mbele.

Jaji Sonia Sotomayor, akiungwa mkono na wenzake wawili, alipinga. Kwa maoni yake tendo la kifyatulio hutazamwa kwa upande wa mpigaji: anavuta mara moja, anatuliza kidole, na risasi zinamiminika. Alitoa mfano wa bata: ndege akiwa na umbile la bata, akaogelea kama bata na kulia kama bata, basi ataitwa bata. Na alionya kwamba tafsiri ya wenzake inawapa mafundi njia ya kuikwepa sheria.

Naye Jaji Samuel Alito, aliyekuwa pamoja na walio wengi, aliandika maneno machache ambayo hayapasi kusahauliwa. Alikiri kwamba tukio la Las Vegas limeonyesha kuwa bunduki ya aina hii inaweza kuua sawasawa na rashasha. Lakini akasema dawa yake ni rahisi: Bunge na libadili sheria. Siku chache baadaye mswada uliletwa katika Baraza la Seneti upitishwe kwa kauli moja. Seneta mmoja akapinga, na mswada ukakwama.

Lafudhi na makusudio

Msomaji aliyekaa katika darsa za usulu atauona mjadala huu si mgeni kwake. Hushikwa lafudhi kama ilivyo, au hutazamwa makusudio ya aliyeitamka? Tunafahamu kisa cha masahaba walioambiwa wasiswali Alasiri ila watakapofika kwa Bani Quraydha. Wakati ulipowabana njiani, wengine waliswali wakisema kilichokusudiwa ni kufanya haraka, na wengine waliakhirisha hadi wakafika, wakishikamana na tamko. Mtume (S.A.W) hakulilaumu kundi lolote kati ya mawili hayo.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba majaji walioshika lafudhi walifanya upuuzi. Wanayo hoja nzito, na wenye vifaa walikuwa na malalamiko ya haki. Mtu aliyenunua kitu kwa idhini ya maandishi ya serikali, kisha bila Bunge kutunga sheria akaambiwa amekuwa mhalifu, amedhulumiwa. Adhabu haisimami vyema pasipo onyo lililo wazi kabla yake, na mamlaka ya kutunga sheria ya jinai yakipewa karani wa idara, leo yataangukia bunduki na kesho yataangukia jambo jingine.

Lakini haki ya malalamiko hayo haigeuzi hali ya kile kifaa. Hukumu ilisema tu kwamba maneno ya mwaka 1934 hayakifikii. Haikusema kwamba hakina madhara, na mmoja wa majaji walioshinda amekiri kuwa kinayo. Baina ya kitu kutofikiwa na sheria na kitu kuwa chema upo umbali mkubwa, na hapo ndipo vijana wengi wanapopotea. Husikia "mahakama imeruhusu", wakadhani wamesikia "hakina ubaya".

Yale ambayo hukumu haikuyagusa

Kwanza, sheria za majimbo. Hukumu ya mwaka 2024 iliifasiri sheria ya shirikisho peke yake. Majimbo zaidi ya kumi yana sheria zao wenyewe zinazokataza bampu-stoki, miongoni mwao California, Massachusetts, Nevada na Florida. Florida ilipitisha yake Machi 2018, baada ya wanafunzi na wafanyakazi 17 kuuawa katika shule moja huko Parkland. Basi kifaa kilicho halali dukani Texas kinaweza kumpeleka mtu gerezani akivuka nacho mpaka wa jimbo akiwa safarini na rafiki zake. Kutojua si utetezi.

Pili, vipande vya kugeuza. Kipo kipande kidogo, chenye ukubwa wa sarafu hivi, ambacho hubandikwa nyuma ya bastola na kuifanya imimine risasi kwa mvuto mmoja. Vijana huvinunua kwa njia ya intaneti au kuvichapa kwa mashine za nyumbani. Hivi havikuhalalishwa na hukumu yoyote ya Mahakama ya Juu. Kwa sheria ya shirikisho kipande hicho peke yake ni rashasha, hata kama bastola haipo, na kukimiliki ni kosa la kifungo cha hadi miaka 10. Tunalitilia mkazo jambo hili kwa sababu wauzaji wake hutumia jina la shauri la Cargill kuwahadaa wasiojua.

Tatu, vifyatulio vya kurudishwa kwa nguvu. Katika hivi, mwendo wa bunduki yenyewe hukisukuma kifyatulio mbele upesi, kwa hiyo mpigaji anayeendelea kukaza kidole hupiga kwa kasi kubwa. Mwaka 2021 ATF ilivihesabu kuwa rashasha. Julai 2024 mahakama ya shirikisho huko Texas ikaubatilisha uamuzi huo, na Mei 2025 serikali ikafikia suluhu na kampuni ya Rare Breed iliyokuwa ikivitengeneza, ikakubali kurudisha vilivyokamatwa. Kwa upande wake kampuni iliahidi kutotengeneza vya bastola. Juni 2025 majimbo zaidi ya kumi yalikwenda mahakamani kupinga urejeshaji huo, kwa kuwa kwao vifaa hivyo ni haramu. Msomaji ataona kwamba katika miaka minne tu kifaa kimoja kiliitwa rashasha, kikaacha kuitwa rashasha, na bado kinagombewa. Nani mwenye akili atauweka mustakabali wake juu ya kitu cha namna hiyo?

Kwa walio ugenini

Nne, na hili ndilo linalowahusu wazazi wetu zaidi kuliko yote. Sheria ya shirikisho humkataza kwa ujumla mtu aliyeingia Marekani kwa viza ya muda, ikiwamo viza ya masomo, kumiliki bunduki wala risasi. Na kumiliki katika sheria hiyo si kununua tu. Hata kuikodi au kuishika uwanjani kwa saa moja huingia humo. Wapo waliovuliwa, kama aliye na leseni halali ya uwindaji kutoka katika jimbo lolote la nchi hiyo, lakini ni lazima mtu ahakikishe kwamba yumo katika mapendeleo hayo kabla ya kugusa, si baada ya kukamatwa. Adhabu yake, tangu marekebisho ya mwaka 2022, inafika miaka 15.

Mwenye ukaazi wa kudumu ameruhusiwa kumiliki bunduki za kawaida. Hata hivyo, akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kufukuzwa nchini humo hata kama ameishi huko miaka 20 na watoto wake wamezaliwa huko. Na ile picha aliyoituma kwa fahari huweza kuwa ushahidi wa kwanza dhidi yake. Haya si mambo ya kumtisha mtoto. Ni mambo ya kumfahamisha.

Kumbukumbu ya Christchurch

Sisi wenyewe tunayo sababu ya kutoliona jambo hili kuwa la watu wa mbali. Ijumaa ya tarehe 15 Machi 2019, Waislamu 51 waliuawa huko Christchurch, New Zealand, katika Msikiti wa Al Noor na Kituo cha Kiislamu cha Linwood. Muuaji alikuwa na leseni ya kawaida ya bunduki. Alinunua bunduki zinazojijaza zenyewe kwa njia halali, kisha akazitia magazini zenye kubeba risasi nyingi, ambazo wakati ule ziliuzwa bila masharti. Tume ya Kifalme iliyochunguza mauaji hayo, na kutoa ripoti yake mwaka 2020, iliuonyesha wazi mwanya huo wa sheria.

Bunge la New Zealand halikungoja mabishano ya lafudhi. Tarehe 10 Aprili 2019, kwa kura 119 dhidi ya moja, lilipitisha sheria iliyokataza bunduki nyingi za aina hiyo pamoja na magazini kubwa na vipande vya kuharakisha. Wenye navyo, wengi wao wakulima, wawindaji na wapenzi wa shabaha wasio na hatia, walilipwa fidia, na zaidi ya bunduki 56,000 zilikusanywa kabla ya mwaka kwisha. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo njia iliyonyooka: Bunge limesema kwa maneno yaliyo wazi, mwenye mali amelipwa, na mwanya umezibwa.

Nasaha kwa wazazi

Mchezo wa shabaha wenyewe hauna lawama. Mafunzo ya kulenga yamesifiwa katika dini yetu tangu zama za upinde. Lakini dini hiyo hiyo imemfundisha apitaye na mishale msikitini au sokoni aishike ncha zake asije akamdhuru mtu, na imekataza kumwelekezea ndugu silaha hata kwa mzaha. Mwenye kufundishwa kuificha ncha ya mshale mmoja anawezaje kujifaharisha kwa kumimina risasi 400 kwa dakika, ambazo yeye mwenyewe hajui zitatua wapi? Walimu wa shabaha nao husema kwamba ustadi upo katika risasi moja iliyolengwa, na kasi ya namna hii huuharibu ustadi.

Kwa hiyo, mzazi ambaye kijana wake yuko huko amwulize mambo matatu kwa upole, bila kumfokea: Una viza ya aina gani, na inasemaje kuhusu silaha? Jimbo unaloishi lina sheria gani? Na bunduki unayoalikwa kuishika ina kitu gani ndani yake? Akiwa hana jibu la hata moja kati ya hayo, basi asiiguse, na amwone mwanasheria wa huko kabla ya kukubali mwaliko mwingine. Rafiki wa kweli hatamlaumu kwa kukaa pembeni siku moja.

Wabillahi tawfiq.